Mvumo wa Kiangazi

Nasimama kushukuru kwa uhai wa mama mmoja wa kwaya yetu. Kwa viangazi viwili nilihangaika kuinyamazisha kelele ya gitaa langu, na muda wote huo kelele ile ilikuwa inatuonya juu ya mama huyo, mimi nisisikie.

Mimi ni mpiga solo, katika mtaa mmoja wa kanisa ulio chini ya vilima vya mawe vya Masasi. Riziki yangu ni korosho: ekari nne alizoniachia baba, upande wa barabara ya kwenda Newala. Msimu wa 2021 nilipuliza salfa kwa mkono wangu hadi ugonjwa wa ubwiriunga ukashindwa, mnada ukalipa, nami nikafanya jambo ambalo mke wangu hakulikubali kwa moyo mmoja. Nilipanda basi la Dar es Salaam, nikaingia Kariakoo, nikanunua prosesa ya gitaa, mtumba lakini safi, kwa shilingi 520,000. Fedha hiyo ilikuwa bati za chumba cha watoto. Nilimwahidi mama watoto kwamba kifaa kitajilipa chenyewe: sauti ikiwa nzuri nitaitwa kwenye harusi na matamasha, na kabla mvua za mwaka unaofuata hazijaanguka bati zitakuwa juu.

Kwa asiyeijua, prosesa ni kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, na ndani yake mna programu inayoiga ampu. Zile ampu za zamani za valvu, nzito za kubebwa na watu wawili, kila moja ina namna yake ya kuimba na ya kukwaruza. Prosesa inapokea mlio wa nyuzi, inaugeuza kuwa tarakimu, inazipitisha tarakimu hizo kwenye hesabu za ampu uliyoichagua, kisha inazirudisha kuwa sauti na kuipeleka kwenye miksa. Kampuni ya Line 6 ya Marekani ndiyo iliyovitangaza sana vifaa hivi ilipotoa POD yake mwaka 1998, na leo kwaya isiyoweza hata kuota kununua ampu ya valvu inaweza kupiga kwa sauti yake. Mimi nilijifunza kwenye gitaa la galoni lenye nyaya za breki za baiskeli. Siku niliyosikia uzi wangu mmoja ukiimba mrefu, ukiwa na joto kama sauti ya mtu, nilikaa chini nikalia.

Januari hadi Mei 2022 nilipiga kwa amani. Harusi tatu ziliniita. Mama watoto alianza kunisindikiza hadi mlangoni ninapotoka na begi la gitaa, jambo ambalo alikuwa ameliacha.

Mwezi Juni, Jumapili moja asubuhi, niliwasha kifaa na kabla sijagusa uzi wowote spika zikaanza kuvuma. Ulikuwa mvumo mzito wenye kwikwi kwa juu, kama mzinga wa nyuki uliogongwa na jiwe. Nikaweka kiganja juu ya nyuzi, mvumo ukashuka. Nikakiondoa, ukapanda. Nilikaa mahubiri yote nimekishikilia kiganja pale pale, mkono ukifa ganzi, na kwenye ncha za vidole nikihisi kama mchwa wanapita. Mchwa hao nao niliwadhania kuwa ni uchovu.

Mpiga gitaa yeyote atakuambia kwamba mvumo unaoshuka ukigusa nyuzi ni jambo la kawaida, na ni kweli kwa sehemu. Mwili wa mtu ni kama antena. Unabeba mawimbi ya umeme wa nyumba na kuyapeleka kwenye pikapu, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi. Ukishika nyuzi, ambazo zimeunganishwa na upande wa ardhi wa gitaa, sehemu ya mawimbi hayo inapata njia ya kutokea. Kwa hiyo kila niliyemuuliza alinijibu kwamba ni pikapu, au ni waya, au nimepandisha geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, mno. Hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, na vipande hivyo ndivyo vilivyonichelewesha.

Agosti mwaka ule nikapiga kwenye harusi moja kubwa. Wakati wa bwana harusi na bibi harusi kuingia, ukumbi wote ukiwa kimya, mvumo wangu ndio uliosikika. Mshereheshaji alinifuata pale jukwaani, akaniinamia sikioni akasema kwa upole, "Kaka, hebu zima kwanza." Sikuwashiwa tena usiku ule. Nililipwa nauli. Njiani kurudi nilihesabu nitakayomwambia mke wangu, na nilipofika sikusema lolote, naye hakuuliza.

Mwezi huo huo kwaya ilikwenda Newala kwa ziara ya injili, kijiji kimoja karibu na ukingo wa uwanda, mahali ambapo ukisimama unaona bonde la Ruvuma lote limelala chini mpaka ng'ambo ya Msumbiji. Pale hapakuwa na umeme wa nguzo. Tulitumia betri ya sola na inveta. Prosesa ikavuma vibaya zaidi, mlio mkali wa msumeno. Nikakata shauri moyoni: kifaa kinavuma Masasi, kinavuma Newala, basi ubovu uko ndani ya kifaa. Leo najua kwamba inveta nyingi za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme. Zinatoa wimbi la ngazi ngazi lenye kona kali, na kila kona ni kelele kwa chombo kinachokuza sauti ndogo. Ulikuwa mvumo mwingine kabisa, wenye chanzo kingine. Lakini mtu aliyeaibika hasikilizi kwa makini, nami niliihesabu milio ile miwili kuwa mmoja.

Kuanzia hapo nilianza matengenezo ya kukata tamaa. Niliuza mbuzi nikanunua waya mzuri wa gitaa. Nikabadilisha chaja ya prosesa. Nikaingia ndani ya programu, ampu moja baada ya nyingine, nikajifunza mambo ambayo nilipaswa kuyajua tangu mwanzo. Kwa mfano, lilikuwapo kosa moja ambalo lilikuwa langu kweli. Nilikuwa nimezima sehemu inayoiga kabati la spika. Ampu ya gitaa hupigwa kupitia spika yake maalumu isiyotoa milio ya juu sana, na kabati hilo linakata ule ukali unaotokana na mkwaruzo. Ukiiga ampu bila kuiga kabati, kisha ukapeleka sauti kwenye spika za kanisa zinazotoa kila kitu, noti zako zinatoka na mchanga: zzzz juu ya kila uzi. Nikaiwasha sehemu hiyo, na mchanga ukaisha palepale. Nilifurahi siku mbili. Halafu nikatambua kwamba nina kelele za namna mbili. Moja ilikuwa ikipanda mgongoni mwa noti, na hiyo imeondoka. Nyingine ilikuwepo hata nisipopiga, na hiyo bado ipo.

Hii ya pili nikaiwekea geti. Ndani ya prosesa kuna geti la kelele: sauti ikiwa chini ya kiwango fulani linafunga, ikizidi linafungua. Nililikaza hadi spika zikanyamaza nisipopiga. Watu wakanipongeza. Lakini geti haliondoi kitu, linaficha tu. Ukipiga noti linafunguka na mvumo unatoka pamoja nayo. Na noti ikianza kufifia, geti linaikata mkia kama panga. Nyimbo zetu za maombolezo zinaishi kwenye mikia hiyo. Mwalimu wa kwaya aliniita pembeni baada ya maziko ya mzee mmoja, akaniambia, "Mwanangu, gitaa lako siku hizi linakata maneno."

Desemba mvua zikanyesha. Mvumo ukatoweka.

Sikujiuliza. Nilikuwa nimenunua waya mpya, nimebadilisha chaja, nimefunga geti, nimefunga na kuomba pia. Nikasimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amenitengenezea chombo. Nikalegeza geti, mikia ya noti ikarudi, harusi mbili zikaniita. Natamani ningeuliza swali moja tu wakati ule: kitu gani kimebadilika Masasi nzima mwezi huu? Kila mtu angenijibu.

Juni 2023 mvumo ukarudi, na safari hii ulinivunja. Nilikuwa nimeshatoa shukrani mbele ya watu. Mke wangu alisema neno moja tu, "Bati," akaenda jikoni. Nikaacha kwenda mazoezini. Gitaa nikalisukuma chini ya kitanda, na kwa wiki tatu nilikuwa nikisikia mvumo ule masikioni hata shambani, kwenye mashine ya kupulizia salfa, hadi nikaogopa kwamba ni akili yangu inayovuma.

Usiku mmoja nikatoa prosesa tena, nikabeba na begi, nikaenda kanisani peke yangu. Nikawasha. Ikavuma. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutogusa kitu, nikawa naangalia tu kioo chake kidogo. Kwa bahati mguu wangu ulikuwa umekanyaga sehemu ya tyuna, ile inayokuonyesha uzi umefikia noti gani. Sikuwa nimegusa nyuzi. Lakini kioo kilikuwa kinaonyesha G, imepanda kidogo. Nikasubiri. Haikutikisika. Nikageuka upande wa madhabahu, nikageuka upande wa mlango: mvumo ukaongezeka, ukapungua, lakini noti ni ile ile, G iliyopanda kidogo. Kelele iliyokuwa imenitesa viangazi viwili ilikuwa na jina, nami sikuwahi kuiuliza.

Sikuelewa maana yake. Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya niandike.

Kijana mmoja anayepiga kinanda kwenye bendi za mjini alikuwa ameniambia kwamba dawa ya mvumo ni kukata ethi ya miksa, yaani waya wake wa kwenda ardhini. Watu wengi wanafanya hivyo, alisema, na mvumo unaondoka. Jumamosi jioni nikafungua plagi ya miksa, nikalegeza skrubu ya pini kubwa ya juu, nikautoa waya wa kijani na njano, nikaukunja nikaufunga kwa utepe. Nikarudisha mfuniko. Nikawasha. Mvumo haukubadilika hata chembe. Kwa hasira nikaacha plagi hivyo hivyo nikaenda kulala.

Asubuhi akina mama walikuwa wamedeki sakafu, saruji bado ina unyevu. Kiongozi wa sauti ya kwanza, mama wa miaka sitini na kitu ambaye wote tunamwita Mama Mkubwa, ana desturi ya kuvua viatu anapoimba. Alisimama mbele, miguu mitupu, mimi nyuma yake nimeshika gitaa. Akasogeza maiki mdomoni kwa neno la kwanza la wimbo. Nikaona mabega yake yanaruka. Maiki ikamtoka mkononi, ikapiga sakafu, spika zikalia, naye akashika mdomo kwa vidole vyote kumi.

Nilikimbia kuzima swichi. Alikuwa amekaa kwenye benchi, midomo inatetemeka. Nikampigia magoti. "Shikamoo mama, samahani mama." Akasema, "Marahaba mwanangu. Leo imenipiga sana. Zile siku nyingine huwa inaniuma kidogo tu." Nikamwuliza siku zipi. Akasema tangu mwaka jana, kipindi cha kiangazi, maiki ikigusa mdomo inamchoma kama pilipili. "Sikusema. Nilidhani ni meno yangu, uzee."

Niliyasikia maneno hayo kama mtu anayesomewa hukumu. Mchwa kwenye vidole vyangu na pilipili kwenye midomo yake vilikuwa kitu kimoja, na nilikuwa nimekiwekea geti ili kisisikike.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi redio mmoja karibu na stendi, mzee ambaye kibanda chake kimejaa redio za watu waliokwisha kusahau kuzichukua. Nje anauza mama wa ming'oko. Nilikula sahani nzima na chumvi na pilipili nikisubiri foleni, sikusikia ladha. Nilipomweleza fundi, hakugusa prosesa. Aliuliza maswali. Mvumo unakuja lini? Unaondoka lini? Ukitia betri ndani ya prosesa yenyewe je? Nikasema sijawahi. Akatia betri nne, akanipa visikilizi vya kichwani, akachomeka gitaa, akaniambia nikwaruze kwa ampu kali kuliko zote. Kimya. Mkwaruzo safi, na nyuma yake kimya cha usiku. Machozi yalinijia. Miezi yote ile nilikuwa nakilaumu kifaa kisicho na kosa.

Akaniambia nilete miksa na spika moja. Nilikodi bodaboda. Tukaunganisha kila kitu pale kibandani kwake, kwenye soketi yake, baada ya yeye kufungua plagi na kuurudisha ule waya wa kijani mahali pake bila kusema neno. Kimya tena. Vyombo vile vile, nyaya zile zile. Ndipo akauliza, "Ulipoikata ethi, mvumo ulipungua?"

"Haukupungua, fundi. Ulibaki vile vile."

"Basi ulikata kitu ambacho kilikuwa kimeshakatika."

Nilimweleza pia habari ya tyuna. Akachukua kalamu. Umeme wetu, alisema, ni wa volti 230 unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Noti ya G ya chini kabisa, oktava moja chini ya ile unayoipata kwenye uzi mnene wa gitaa ukibana kipande cha tatu, ina mitetemo 49. Hamsini iko juu yake kidogo tu. "Tyuna yako ilikwambia ukweli kabla yangu. Hiyo ni sauti ya nguzo." Na ule mlio wa nyuki juu yake ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya hamsini, wakiimba pamoja.

Alasiri tulikwenda kanisani na mita yake. Sitasahau namba zile. Kati ya laini na nyutro: 231. Ndivyo inavyotakiwa. Kati ya laini na ethi ilipaswa kusoma karibu sawa na hiyo, ikasoma 118. Kati ya nyutro na ethi ilipaswa kuwa karibu na sifuri; ikasoma 112. Akanionyesha kioo, akanyamaza ili nisome mwenyewe. Waya wa ethi wa jengo zima ulikuwa unaning'inia, haujafika popote, nusu ya njia kati ya umeme na ardhi.

Akanieleza kwa nini ni nusu. Ndani ya miksa na spika za kisasa kuna kapasita ndogo zinazochuja uchafu wa umeme. Moja inatoka laini kwenda ethi, nyingine nyutro kwenda ethi. Zinavujisha umeme kidogo sana, pungufu ya miliampia moja kwa chombo. Ethi ikiwa nzima, umeme huo unaingia ardhini na hakuna anayejua kama upo. Ethi ikiwa imekatika, unakaa kwenye bati la miksa, unapanda kwenye ngao ya waya wa gitaa, unafika kwenye nyuzi, unafika kwenye wavu wa maiki, unasubiri. Prosesa, ambayo kazi yake ni kukuza kila kidogo kuwa kikubwa, inausikia kabla ya mtu yeyote. Na mtu aliyesimama pekupeku kwenye saruji mbichi anageuka kuwa ile njia ya ardhini iliyokosekana.

"Huo uliompiga Mama Mkubwa ni uvujaji tu," alisema. "Hauui. Lakini siku laini yenyewe itakapochubuka na kugusa bati la miksa, hautakuwa uvujaji. Utakuwa umeme wote, na njia itakuwa ni yeye."

Baadaye nilisoma kwamba hilo limewahi kutokea, tena kwa wapigaji wakubwa. Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, Mei 1972, aliposhika maikrofoni isiyo na ethi sahihi. Miaka minne baadaye, Mei 1976, Keith Relf aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds alikufa nyumbani kwake Uingereza akiwa na gitaa lake la umeme. Nilipoyasoma majina hayo nilikuwa naona miguu mitupu kwenye saruji.

Tulizunguka ukuta wa nyuma tukaitafuta fimbo ya ethi. Kwa namna umeme wetu unavyofungwa, kila jengo linatakiwa kuwa na fimbo yake ya shaba iliyopigwa ardhini. Ya kwetu ilikuwa kwenye kona, chini ya dirisha la sakristia. Fundi akafukua kwa bisibisi. Yeyote aliyeipigilia zamani alikutana na kile kila mjenzi wa Masasi anachokutana nacho: mwamba. Vile vilima vinavyopendeza pichani vina mizizi yake chini ya nyumba zetu. Fimbo iliyotakiwa kuzama zaidi ya mita moja ilikuwa imezama viganja viwili, ikapinda, ikalala juu ya jiwe. Kibano kilichoshika waya kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kimeachia. Ncha ya waya, mnene kama kijiti cha kiberiti, ilikuwa imelala kwenye vumbi karibu na fimbo, haijaigusa. Kati ya waya na shaba palikuwa na upana wa kidole.

Vumbi la Julai halipitishi umeme. Tope la Januari linapitisha. Uvujaji mdogo kama ule hauhitaji njia pana; udongo mbichi kati ya waya na fimbo uliutosha, mvumo ukanyamaza, na mimi nikasimama kanisani kutoa shukrani kwa waya niliouuzia mbuzi.

Fundi akaomba maji. Nikaleta ndoo. Tukawasha vyombo, geti nimelifungua kabisa, milango wazi ili tusikie tukiwa nje. Mvumo ulikuwa umejaa jengo. Akamwaga maji taratibu pale penye ncha ya waya. Ardhi ilikunywa, ikakunywa, halafu ikaanza kung'aa. Na ndani ya kanisa nyuki wale wakashuka, wakashuka, wakawa kama mbu mmoja wa mbali. Nilikuwa nimechuchumaa, naangalia povu dogo likizama kwenye mchanga. Sikuwahi kusikia kimya kizuri kama kile.

Kazi ya kutengeneza hakuifanya yeye. Alisema kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, naye hana. Nilimheshimu zaidi kwa neno hilo. Nilikwenda kwenye kikao cha kamati ya kanisa, nikaeleza yote, pamoja na plagi niliyoifungua mwenyewe. Ilikuwa vigumu kusema mbele ya Mama Mkubwa. Alinyanyuka akachanga wa kwanza, noti ya elfu kumi iliyofungwa kwenye pindo la khanga. Wenye korosho tukaahidi kumalizia msimu ukifika, na duka moja likatukopesha vifaa.

Fundi umeme alihama kabisa ile kona. Aliteremka hatua kama ishirini kwenye mteremko, karibu na mkorosho mzee, ambako udongo una kina, akapigilia fimbo mbili ndefu zilizoachana, akaziunganisha, akafukia waya mnene hadi jengoni, na vibano akaweka vya shaba nyeupe visivyoshika kutu. Mzee mmoja alipendekeza tumwage chumvi ili ardhi ishike maji. Fundi akamweleza kwa adabu kwamba chumvi itakula fimbo, akatia mkaa uliosagwa badala yake. Kwenye bodi akafunga breka inayokata yenyewe ikiona miliampia 30 zimepotea njia. Akapima mara ya mwisho, laini kwa ethi 230, nyutro kwa ethi karibu na sifuri, akaniita nisome.

Hapakuwa kimya kamili. Gitaa langu lina pikapu za koili moja moja, na koili moja itaokota mvumo kidogo popote palipo na umeme. Ndiyo maana Seth Lover wa Gibson alikaa mwaka 1955 akabuni pikapu ya koili mbili zilizogeuziana mgongo, mvumo wa moja ukifuta wa mwenzake. Mimi sina hiyo. Nikisimama nimeelekea dirisha la mashariki, mbali na spika na regulata ya feni, unabaki mvumo mdogo unaofunikwa na pumzi za watu. Geti nimeliweka chini sana, linafunga tu baada ya mkia wa noti kuisha wenyewe.

Bati zilipanda Desemba 2023. Haikuwa kwa fedha ya harusi, ilikuwa kwa korosho, na mke wangu ndiye aliyehesabu.

Mama Mkubwa aliendelea kuvua viatu, lakini maiki alikuwa akiishika kwa ncha ya khanga, ameizungushia wavu wote, sauti yake ikitoka imefunikwa. Hatukumwambia kitu. Mwalimu wa kwaya alinikataza hata kumwangalia. Nilikuwa nafika mapema kila Jumapili, naweka kiganja kwenye bati la miksa, naugusa wavu wa maiki yake kwa midomo yangu mwenyewe kabla hajaingia, nikihakikisha. Siku moja alifika mapema akanikuta hivyo, nimesimama pekupeku kwenye saruji, maiki mdomoni, macho nimefumba. Hakusema neno. Alikaa benchi la mbele akasubiri nimalize.

Ibada ile alipanda akiwa amejifunga khanga kiunoni, mafundo mawili. Akachukua maiki kwa mkono mtupu.